Mbwa Mkubwa, Utumbo Mdogo

Msikilizaji wangu, leo nazungumzia kitu ambacho katika nyumba nyingi huzolewa alfajiri kwa koleo, mzoaji kageuza uso, kikafukiwa pembeni ya ukuta bila mtu kukitazama. Nazungumzia kinyesi cha mbwa, na hasa mbwa mkubwa: German Shepherd wa getini, Rottweiler wa ghala, Boerboel mwenye asili ya Afrika Kusini ambaye siku hizi anatafutwa sana na wenye mashamba na yadi. Najua wapo wasikilizaji ambao kwa imani yao mbwa haingii ndani wala hagusi vyombo vya watu, na kwao huyu ni mlinzi wa nje tu. Hata nyinyi mazungumzo haya yanawahusu, maana mlinzi wa nje naye anakula, na kumlisha ni juu ya yule aliyemfunga mnyororo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wafugaji wa mbwa wakubwa ni hili: mbona choo chake ni laini siku zote? Mbwa anacheza, anabweka, macho maangavu, hana homa, ila asubuhi ukizunguka nyuma ya banda unakuta tope. Ameshapewa dawa za minyoo, ameshanyweshwa vidonge vya kuharisha vya binadamu, pengine ameshachomwa sindano za antibiotiki, na wiki moja baadaye mambo ni yaleyale. Wakati huohuo jirani ana kambwa ka kienyeji kanakoshinda jalalani, na choo chake kimekaza vizuri, ukikizoa hakiachi hata alama. Mwenye mbwa anakata tamaa, anasema mbwa hawa wa kigeni hawafai hapa kwetu.

Mbwa hana kosa. Shida ni kwamba tunamlisha kana kwamba ni mbwa mdogo aliyeongezwa ukubwa, na sivyo alivyo. Chukua mbwa mdogo wa kilo 5, upime tumbo na utumbo wake wote: utakuta ni karibu asilimia 7 ya uzito wa mwili. Chukua mbwa jitu wa kilo 60, pima viungo hivyohivyo: havifiki asilimia 3. Mwili umekua, kifua kimepanuka, miguu imerefuka, lakini utumbo haukukua kwa kiwango hicho. Kwa hiyo kila kipande cha utumbo wa mbwa mkubwa kinabeba kazi nyingi zaidi kuliko cha mwenzake mdogo. Ndiyo maana sahani iliyozidi, ambayo mbwa mdogo angeistahimili, kwa mbwa mkubwa ni mzigo wa fuso juu ya bajaji.

Wataalamu wamelitazama jambo hili kwa makini. Ujerumani, mwaka 1995, Zentek na Meyer walichapisha matokeo ya kuwalisha Great Dane na mbwa wadogo wa aina ya Beagle chakula kilekile. Kinyesi cha Great Dane kilikuwa na maji mengi zaidi, na chumvi ya sodiamu iliyopotea humo ilikuwa nyingi zaidi. Baadaye, katika chuo cha udaktari wa mifugo cha Nantes, Ufaransa, watafiti walilinganisha mbwa wa maumbo mbalimbali, kuanzia kipudeli kidogo hadi Great Dane, wakafuatilia safari nzima ya chakula. Walichokikuta kinashangaza kidogo. Mbwa wakubwa hawakushindwa kumeng'enya chakula. Kwa hilo walikuwa sawasawa na wadogo, pengine hata bora zaidi. Tofauti ilikuwa mwisho wa safari, kwenye utumbo mpana. Kwa mbwa wakubwa mabaki ya chakula yalikaa humo muda mrefu zaidi, na kuta za utumbo wao zilikuwa na upenyo zaidi, zikishindwa kufyonza chumvi ipasavyo. Na pale chumvi inapobaki, maji nayo hubaki.

Mtu anaweza kudhani kwamba mabaki yakikaa sana kwenye utumbo mpana yatakauka. Kwa binadamu aliyefunga choo huwa hivyo. Kwa mbwa mkubwa mara nyingi huwa kinyume, kwa sababu utumbo mpana ni makazi ya mabilioni ya bakteria. Chochote ambacho utumbo mwembamba haukukimaliza, bakteria hawa wanakipokea, wanakichachusha, wanatoa asidi na gesi, na asidi hizo zikizidi zinavuta maji na kuukera utumbo. Mabaki yakikaa saa chache, uchachushaji ni mdogo. Yakikaa siku nzima, unakuwa mkubwa. Kwa hiyo ulaini wa choo cha mbwa mkubwa unategemea sana swali moja: ni kiasi gani cha chakula kimefika utumbo mpana kikiwa bado hakijameng'enywa? Na jibu la swali hilo, katika nyumba nyingi za kwetu, liko jikoni.

Twende basi jikoni. Ni saa 10 jioni, kijana wa kazi ameweka sufuria kubwa kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Maji yanatoa mvuke, hayajaanza kutokota. Anamwaga unga wa dona uliochanganywa na pumba, anakoroga mara tatu nne, anatupia viganja viwili vya dagaa jinsi walivyotoka kwenye kiroba, na mchanga wao, anafunika. Baada ya dakika 10 anaepua, kwa sababu jiko linatakiwa kwa kazi nyingine. Kikipoa, kinamiminwa kwenye sinia, mbwa anakifagia kwa dakika mbili. Kila mtu ameridhika: mbwa ameshiba.

Kesho yake asubuhi chukua kijiti, ukipasue kinyesi kile. Ndiyo, kipasue, na usione kinyaa, kwa sababu kitakueleza yote. Utaona vipande vya ganda la mahindi, vya rangi ya dhahabu, vizima kama vilivyotoka mashineni. Utaona vichwa vya dagaa na miba yao. Chini kuna punje za mchanga zinazometa. Harufu ni ya uchachu, inayokaribia ya togwa lililopitiliza, na pembeni kuna vipovu vidogo. Hapo hakuna mdudu wala laana ya mbwa wa kigeni. Ni ugali ambao haujaiva.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Mtu akila ugali uliosongwa haraka, ukabaki na unga mbichi katikati, usiku hana amani na tumbo lake. Kwa mbwa hali ni ngumu zaidi. Mate ya binadamu yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga tangu mdomoni; mate ya mbwa kwa jambo hilo hayana msaada wowote wa maana, na isitoshe mbwa hatafuni, anameza. Kazi yote ya wanga inaangukia kwenye kongosho na utumbo mwembamba. Na wanga wa mahindi ukiwa mbichi ni punje ngumu zilizofungamana; zinafunguka pale tu zinapopata maji ya kutosha, moto wa kutosha na muda.

Wapo wanaosema mbwa ni mbwa mwitu, apewe nyama tu, ugali haumfai kabisa. Sikubaliani nao. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha utafiti wa vinasaba uliolinganisha mbwa na mbwa mwitu. Mbwa mwitu ana nakala 2 za kinasaba kinachotengeneza kile kimeng'enya cha wanga cha kongosho. Mbwa wa kufugwa walikutwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Maana yake, tangu mbwa alipoanza kuishi pembeni ya mashamba na makapi ya binadamu, mwili wake umejifunza kula nafaka. Ugali unamfaa. Anachohitaji ni ugali ulioiva.

Kwa hiyo, ndugu yangu, badilisha mapishi kwanza kabla ya kukimbilia dawa. Maji yachemke hasa. Koroga uji mwepesi, uache utokote, ndipo uongeze unga, kisha punguza moto, ufunike, uache upikike taratibu. Jumla yake isipungue nusu saa. Dagaa waoshwe kwa maji mawili matatu mpaka mchanga uishe na chumvi ipungue, kisha wachemshwe pamoja na chakula mpaka walainike, au wasagwe kabla. Mchele ukiuweza ni bora zaidi ya mahindi kwa tumbo linalosumbua. Na si lazima uwe mchele wa pilau, chenga za mchele zinauzwa kwa bei nafuu na mbwa anazimeng'enya vizuri sana zikipikwa mpaka zikavurugika.

Pumba nina neno nazo. Watu wananunua pumba kwa sababu ni rahisi na zinajaza sinia. Mbwa anaonekana kala nyingi, na kesho anatoa lundo kubwa, mara tatu nne kwa siku. Lundo hilo ni pumba zilezile, zimeingia na zimetoka. Ganda la mahindi ni nyuzinyuzi zisizoyeyuka. Kidogo zinasaidia kusukuma choo, zikiwa ndizo chakula chenyewe zinamnyima mbwa lishe na kumjaza utumbo bure. Ukiona mbwa wako ana mbavu zinazohesabika na kinyesi kingi kuliko unavyotegemea, angalia kiroba cha pumba. Nyuzinyuzi zinazomfaa zaidi mbwa mwenye choo laini ni zile za kuyeyuka: boga lililochemshwa na kupondwa, au kiazi kitamu, vijiko vichache tu vikichanganywa kwenye mlo. Hizi bakteria wanazigeuza kuwa asidi ambazo ukuta wa utumbo mpana wenyewe unazitumia kama chakula chake. Na boga lina sifa ambayo nimeipenda siku zote: linamsaidia mwenye choo laini na linamsaidia aliyefunga choo.

Tuje kwenye nyama. Hapa nako pana kosa ambalo watu hawalishuku, kwa sababu wanaamini nyama ni nyama. Watafiti wa Nantes walipowalisha mbwa wakubwa na wadogo protini za aina tofauti, waliona kuwa kwa mbwa wakubwa ubora wa protini ulibadilisha choo waziwazi: protini rahisi kumeng'enywa ilikikaza, ngumu ilikilegeza. Sasa fikiria kile tunachokiita nyama ya mbwa buchani. Mapande ya ngozi, mishipa, miguu ya kuku, vichwa vya kuku na midomo yake, na kwa wa Kanda ya Ziwa mapanki ya sangara. Vyote hivi vina protini, lakini sehemu kubwa ni ile ya ngozi, magamba na gegedu, inayofika utumbo mpana bila kumeng'enywa. Na protini inayochachushwa na bakteria haitoi uchachu wa togwa. Inatoa uvundo, ule unaowafanya majirani kufunga madirisha. Kwa hiyo pua yako nayo inaweza kukusaidia: uchachu unaelekeza kwenye wanga ambao haukuiva, uvundo wa kuoza unaelekeza kwenye nyama duni au nyama nyingi kupita kiasi. Si kipimo cha maabara, ila ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ini likizidi linalegeza choo, tena haraka. Maziwa vivyo hivyo, kwa kuwa mbwa wazima wengi wamepoteza kimeng'enya cha sukari ya maziwa. Mifupa mingi inatoa choo cheupe, kikavu, kinachovunjika kama chokaa, na mbwa anajikamua kwa maumivu. Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka ncha kali na inaweza kutoboa utumbo. Mafuta ya kukaangia yaliyobaki, ambayo wengine humwagia kwenye ugali ili mbwa anenepe, yanaweza kuwasha kongosho kwa ghafla, na hapo ni hospitali moja kwa moja.

Kisha kuna kiasi. Mbwa mzima wa kilo 40 anayefanya kazi ya ulinzi anahitaji takriban kilokalori 2,000 kwa siku. Nusu kilo ya unga mkavu wa mahindi peke yake inakaribia 1,800. Ongeza dagaa au nyama kidogo, umefika. Lakini nimeona sufuria za mbwa mmoja zenye unga wa kilo nzima na zaidi, kwa imani kwamba mbwa mkubwa lazima ashibe sana ndipo alinde. Chakula kinachozidi uwezo wa utumbo mwembamba kinapita tu kwenda kwa bakteria. Wapo mbwa wengi ambao choo chao kilikaza kwa kupunguziwa theluthi ya mlo, bila dawa wala kubadilishiwa chakula.

Na kile kiasi kigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni. Hili nalisisitiza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni utumbo, nimeshaieleza. Ya pili ni ya uhai. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, Great Dane akiwa wa kwanza na German Shepherd akiwamo, wana hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Lawrence Glickman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walifuatilia jambo hili kwa miaka, wakaona hatari inaongezeka kwa mbwa anayekula mlo mmoja kwa siku, anayekula kwa pupa, na mwenye mzazi au ndugu aliyewahi kupatwa. Waliona pia kuwa kuinua bakuli juu ya kigoda, jambo ambalo wengi hulifanya wakidhani ni kinga, kulikwenda pamoja na hatari kubwa zaidi. Ukimwona mbwa wako tumbo limevimba na kuwa gumu, anajaribu kutapika na hatoi kitu, anahangaika hawezi kulala, usisubiri asubuhi. Hiyo si gesi ya kupita. Ni suala la saa chache, na kinachomwokoa ni upasuaji.

Neno juu ya vyakula vya mifuko, vile vya punje. Vizuri vipo, na kwa mwenye uwezo vinarahisisha maisha. Lakini usimtoe mbwa kwenye ugali leo ukampa punje kesho. Bakteria wa utumboni wamezoea kile wanachokipata. Ukiwabadilishia ghafla, mbwa ataharisha, na wewe utalaumu mfuko. Changanya kidogo kidogo, kwa mbwa mkubwa ichukue siku 7 hadi 10 mpaka ahame kabisa. Na mfuko ukishafunguliwa ufungwe vizuri, kwani mafuta ya punje huchacha kwa joto letu hili.

Sasa msikilizaji, nimesema mengi ya jikoni, na ningekudanganya kama ningesema kila choo kibaya kinatibiwa na sufuria. Ngoja nikueleze habari ya shepadi mmoja dume, wa familia moja Arusha. Alikuwa na umri wa miaka miwili hivi. Anakula kuliko mbwa wote wa pale nyumbani, na bado uti wa mgongo unaonekana kutoka mbali. Anakula choo chake mwenyewe, na kwa ajili hiyo alikuwa akichapwa. Kinyesi chake kilikuwa lundo kubwa mno kwa mbwa mwembamba vile, rangi ya kijivu inayoelekea njano, na kilipokaa juu ya saruji kiliacha doa la mafuta ambalo maji hayakulitoa. Manyoya ya nyuma ya mapaja yalikuwa yameshikana kwa mafuta hayohayo. Walishapika chakula vizuri, walishampa dawa za minyoo, walishabadilisha nyama.

Kongosho lake lilikuwa limekufa. German Shepherd wana asili ya ugonjwa huu: kongosho linanyauka taratibu, na dalili hazionekani mpaka uwezo wake wa kutengeneza vimeng'enya umepotea kwa takriban asilimia 90. Kuanzia hapo mbwa anakula na chakula kinapita. Mafuta yanatoka na kinyesi, ndiyo lile doa. Mbwa ana njaa ya kweli, usiku na mchana, ndiyo maana anakula hata alichokitoa. Mnyama yule hakuwa mchafu wala mkaidi. Alikuwa anakufa njaa mbele ya sinia lililojaa, na anachapwa kwa kutafuta cha kula.

Ugonjwa huu unathibitishwa kwa kipimo cha damu, na ukithibitika unatibika, ingawa tiba ni ya maisha yote. Kuna unga wa vimeng'enya unaochanganywa na kila mlo. Ni ghali. Lakini ipo njia ambayo kwetu inawezekana kuliko hata kwa wenzetu wa Ulaya: kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni, la mnyama aliyekaguliwa, likakatwakatwa na kuchanganywa kwenye chakula kilichopoa. Lisipikwe, maana moto unaua vimeng'enya vyote. Linaweza kugandishwa kwenye friza kwa mafungu. Kiasi apange daktari wa mifugo, na mara nyingi ataongeza sindano za vitamini B12, kwa sababu nayo inapungua sana. Mbwa wa namna hii huanza kuongezeka uzito ndani ya wiki chache, na choo chake kinarudi rangi ya kahawia na kupungua ukubwa. Yule wa Arusha alinenepa, na tabia ya kula choo ikaisha bila fimbo.

Ziko rangi nyingine za kuzitilia maanani. Kinyesi cheusi tii, chenye kunata, ni damu iliyomeng'enywa. Imetoka juu, tumboni au kwenye utumbo mwembamba. Damu mbichi nyekundu imetoka karibu na mlango wa nyuma. Mtoto wa mbwa mwenye choo cheusi na fizi nyeupe, fikiria safura: minyoo ile inanyonya damu, na watoto wanaipata hata kwa maziwa ya mama. Ndiyo maana dawa za minyoo kwa watoto zinaanza wakiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 mpaka wafikishe miezi mitatu hivi. Kuhara damu yenye harufu kali isiyosahaulika, pamoja na kutapika na kulegea, kwa mtoto asiyechanjwa, huenda ni parvo. Kirusi hiki kilitambulika mwaka 1978, kikazunguka dunia nzima kwa muda mfupi, na Rottweiler na Doberman ndio kinaowaumiza zaidi. Chanjo ipo. Ni nafuu kuliko siku moja ya dripu.

Na mahindi yenye kuvu, tafadhali sana. Kuna biashara ya mahindi yaliyoharibika yanayouzwa kwa bei ya kutupa, "ya mifugo." Sumukuvu inayotokana na kuvu hiyo ndiyo iliyoua watu 125 kati ya 317 waliougua Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu kwetu Dodoma na Manyara. Mapishi hayaiondoi. Ini la mbwa ni dhaifu mno mbele yake. Mbwa anakataa chakula, anatapika, macho na fizi zinageuka njano, choo kinakuwa cheusi au cha damu, na mara nyingi tukimpokea ini limeshaharibika. Mahindi ambayo usingewapikia wanao, usimpikie mbwa.

Limebaki moja, na hili linatuhusu sisi kuliko mbwa. Kwenye machinjio ya vijijini, na hata sikukuu nyumbani, mchinjaji akikuta ini au pafu lina malengelenge ya maji, analikata na kumtupia mbwa. Ndani ya malengelenge hayo kuna vichwa vya tegu mdogo sana, urefu wake milimita chache. Mbwa akiyala, tegu hao wanakua utumboni mwake. Mbwa haumwi, choo chake hakibadiliki, hutaona kitu hata ukikipasua kwa kijiti. Lakini kila siku anatoa mayai, yanashika kwenye manyoya yake, kwenye mchanga, kwenye mboga, na mtoto akiyameza malengelenge yanaota ndani ya ini lake au pafu lake. Kaskazini mwa Kenya, kwa Waturkana, ugonjwa huu ulikutwa kwa kiwango kikubwa kuliko karibu mahali popote duniani, na shirika la AMREF lilianzisha huko mradi wa kuudhibiti mnamo 1983, wakipasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa. Viungo vyenye malengelenge vichomwe moto au vifukiwe chini sana. Matumbo na mapafu mengine yachemshwe kabla mbwa hajapewa. Na dawa ya tegu, ile ya prazikwanteli, iwe sehemu ya ratiba yake.

Ukishafanya ya jikoni kwa wiki mbili na choo bado ni kibaya, au ukiona damu, au mbwa anakonda, nenda kwa daktari wa mifugo, na usiende mikono mitupu. Chukua kinyesi cha asubuhi hiyohiyo, sehemu ambayo haikugusa udongo, kiasi cha kijiko kimoja, ukiweke kwenye kikopo safi chenye mfuniko. Usikianike juani; kama una kipooza na umbali ni mrefu, kiweke humo. Andika kwenye karatasi alichokula siku tatu zilizopita, pamoja na alichotupiwa na mlinzi wa usiku na alichookota mwenyewe, maana hapo ndipo majibu mengi hujificha. Andika anakwenda haja mara ngapi kwa siku, na kama anakwenda usiku. Kama una simu ya kamera, piga picha. Na dawa ulizokwisha kumpa, hata zile za binadamu, zitaje zote.